Rufaa Haizuii Tingatinga

Leo naanza na shikamoo.

Miaka kadhaa iliyopita, kwenye mtaa mmoja wa pembezoni mwa Dar es Salaam, dalali wa mahakama aliingia uani kwa jirani yetu saa moja kasorobo asubuhi. Alikuja na vijana wanane wenye nyundo na mitaimbo, askari mmoja, na mwenyekiti wetu wa mtaa ambaye muda wote alikuwa anaangalia viatu vyake. Nyuma yao, kwenye barabara ya vumbi, tingatinga lilikuwa linanguruma taratibu. Dalali mwenyewe alikuwa kijana, umri wa mjukuu. Akavua kofia. "Shikamoo, mzee." Mzee akaitikia, "Marahaba, baba. Karibuni." Ndipo karatasi ikatolewa.

Mzee hakutetereka. Aliingia ndani, akatoka na bahasha ya kaki, akachomoa stakabadhi ya malipo ya mahakama na kuikunjua polepole mbele ya wageni wake.

"Mimi nimekata rufaa," akasema.

"Hongera, mzee," dalali akajibu, na nakuhakikishia sauti yake haikuwa na kejeli hata chembe. "Sasa tuanze kutoa kabati au kitanda?"

Jibu lile lilinikera kwa muda mrefu, mpaka nilipokuja kuisoma sheria na kugundua kwamba yule kijana alikuwa sahihi na mzee wetu ndiye aliyekosea. Kaa vijiweni, sikiliza watu wanaozungumzia kesi za viwanja. Wengi wataapa kwamba ukishakata rufaa basi refa amepuliza filimbi, mpira umesimama, kila mtu abaki alipo. Sheria yetu inasema kinyume chake, na inasema waziwazi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai, Amri ya 39, kanuni ya 5: rufaa peke yake haisimamishi utekelezaji wa hukumu. Kanuni hiyo tuliiandika mwaka 1966, na sura yake tuliirithi kutoka sheria ya India ya mwaka 1908, kwa hiyo imewakuta watu wengi kabla ya jirani yetu. Kenya wanayo ya kwao inayofanana nayo, kwenye Amri ya 42, kanuni ya 6.

Kwa nini iwe hivyo? Kwa sababu hukumu ni hukumu mpaka itakapotenguliwa. Aliyeshinda naye ni mtu. Mawakili wana msemo kwamba mshindi ana haki ya kula matunda ya hukumu yake, na kama kila rufaa ingekuwa kufuli, hakuna ambaye angeyaonja. Nitarudi kwa mshindi huyo baadaye, maana huwa tunamsahau tukishaona mama na watoto wamekaa juu ya magodoro kando ya barabara.

Tuendelee. Kama rufaa haizuii, kinachozuia ni nini? Ni ombi jingine, faili la pili, lenye namba yake, ada yake na kiapo chake. Linaitwa ombi la kusimamisha utekelezaji wa hukumu. Tangu mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama zetu, lakini pita kwenye korido yoyote ya Mahakama Kuu utawasikia mawakili wakiulizana, "Umepata stei?" Stei ndiyo hiyo. Rufaa inauliza nani alikuwa na haki. Stei inauliza jambo dogo zaidi: wakati tunalitafuta jibu hilo, nyumba iwe imesimama au iwe kifusi?

Anayeliomba ana mambo ya kumridhisha jaji. Aonyeshe kwamba asipozuiliwa mwenzake, hasara itakayompata ni kubwa. Aonyeshe hakulala. Na aweke dhamana, yaani kitu cha kumtuliza mshindi endapo rufaa itaanguka. Hili la tatu ndilo linalowaangusha wengi, kwa sababu mtu anayekaribia kutolewa kwenye nyumba yake ya pekee atatoa wapi dhamana? Mahakama ya Rufani imelilegeza kidogo: imekuwa ikikubali ahadi thabiti ya kuweka dhamana ndani ya muda itakaoupanga, si lazima uje na fedha mkononi siku ya kusikilizwa. Ila ahadi hiyo iandikwe kwenye kiapo. Ukisimama mbele ya majaji ukasema, "Waheshimiwa, tutajitahidi," umeshaharibu.

Nairobi kipimo wanakisema kwa namna nyingine, na mimi naipenda zaidi. Mahakama ya Rufani ya Kenya huuliza maswali mawili: rufaa yako ina hoja ya kubishaniwa, au ni ya kuchelewesha tu? Na tukikunyima zuio, halafu ukashinda, ushindi huo utakuwa na faida yoyote? Kwenye shauri la Butt dhidi ya Baraza la Kodi za Nyumba, lililochapishwa mwaka 1982, majaji walisema uamuzi wa zuio utolewe kwa namna ambayo rufaa haitageuka kutwanga maji kinuni. Maneno ya kinu ni yangu, maana ni yao.

Sasa dharura. Hapa ndipo roho za watu hupanda na kushuka.

Kwa jirani yetu, aliyeokoa jahazi alikuwa binti yake wa pili, mwenye genge la mboga sokoni. Notisi ya dalali ilipobandikwa mlangoni, mzee aliisoma, akaikunja, akaiweka kwenye bahasha ya kaki pamoja na stakabadhi yake ya rufaa, akaendelea na mambo yake. Hakumwambia mtu. Binti aliiona siku tatu kabla ya muda kwisha, alipokuwa anatafuta kadi ya bima. Siku hiyo hiyo alifunga genge akaenda kwa wakili na fedha za mtaji. Wakili alisoma notisi, akauliza swali moja tu: "Hii imebandikwa lini?" Binti alipotaja tarehe, wakili alivua miwani akajikuna kichwa.

Ukisikia neno "siku" kwa wakili wa rufaa, sikiliza vizuri. Kutoka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya kwenda Mahakama Kuu una siku 45 za kukata rufaa. Ukiwa umefika Mahakama ya Rufani, kanuni ya 11 ya mahakama hiyo inakupa siku 14 za kuomba stei, kuanzia siku ulipopewa notisi ya utekelezaji au ulipojua vinginevyo kwamba mwenzako ameomba kukazia hukumu. Ukiomba, ambatanisha notisi ya rufaa, hukumu, tuzo (yaani amri inayotokana na hukumu hiyo) na ile notisi ya utekelezaji. Kikipungua kimoja, ombi linaweza kutupwa nje bila hoja zako kusikilizwa. Nimewahi kuona mtu analia kwenye ngazi za mahakama kwa sababu ya karatasi moja iliyosahaulika nyumbani juu ya friji.

Wakili wa binti alikesha. Kiapo cha mzee kiliandikwa usiku, mzee mwenyewe akaamshwa saa kumi na moja alfajiri kwenda kukisaini mbele ya kamishna wa viapo. Juu ya ombi ikawekwa hati ya dharura, karatasi fupi ambayo ndani yake wakili anaieleza mahakama kwa nini faili hili lisipange foleni na mengine. Watu wanaidhania kuwa ni fomu ya kujaza tu. Hapana. Jaji anaisoma hiyo kwanza, pengine akiwa amesimama, kabla hajaamua kama ataita pande zote, au atalisikiliza ombi la upande mmoja kwa siku hiyo, au atalirudisha liende kawaida na kupangiwa tarehe ya mwezi ujao. Ukiandika "mwombaji atapata hasara isiyofidika" bila kusema hasara gani, umeandika sala. Ukiandika kwamba ndani ya nyumba hiyo kuna watu saba, mmoja wao mgonjwa, kwamba notisi inaisha keshokutwa saa kumi na mbili asubuhi, na nakala ya notisi hii hapa, hapo jaji ana kitu cha kushika.

Halafu mitego. Nitataja michache, kila mmoja nimewahi kuukuta ukiwa umemnasa mtu.

Kuna wanaoomba kusimamisha kitu ambacho hakipo. Ulifungua kesi wewe, mahakama ikaifuta, basi. Hiyo amri ya kufuta haijamwamuru mtu kufanya lolote, sasa unataka mahakama isimamishe nini? Kenya walilisema hili tangu mwaka 1976. Hapo stei haifai. Unatakiwa kuomba zuio la muda, na lina vipimo vyake, ambavyo Jaji Mkuu Telford Georges alivieleza mwaka 1969 kwenye shauri la Attilio dhidi ya Mbowe: kuwe na jambo zito la kuamuliwa, kuwe na hasara isiyofidika kwa pesa, na mizani ya usumbufu ielemee upande wako. Ukibeba faili lisilo lake, unarudi nyumbani umelipa ada na tingatinga liko njiani.

Kuna wanaodhani zuio ni la milele. Zuio la muda chini ya Amri ya 37 ya sheria yetu ile ile ya madai halizidi miezi 6, na hata likiongezwa halipiti mwaka. Weka tarehe hiyo ukutani, kwenye kalenda ya duka la mangi, uizungushie kalamu nyekundu.

Na zuio ni mtoto wa kesi: kesi iliyolizaa ikifa, nalo huzikwa. Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki pale Arusha, tarehe 25 Septemba 2018, ilitoa amri ya muda kuzuia watu wa vijiji vinne vya Loliondo wasiondolewe, maboma yasichomwe na mifugo isikamatwe kwenye eneo la kilomita za mraba 1,500, mpaka kesi yao iamuliwe. Juni 2022, hukumu ikiwa bado inasubiriwa, vigingi vya mpaka vikapandwa kwenye eneo hilo. Serikali ilisema ni kuweka alama tu, wenyeji walisema wanahamishwa. Tarehe 30 Septemba mwaka huo kesi ikatupwa. Rufaa ikakatwa, na Novemba 2023 Kitengo cha Rufaa kikaitengua hukumu ile na kuagiza kesi isikilizwe upya. Angalia hapo katikati: zaidi ya mwaka mmoja ambao rufaa ipo na amri ya mwaka 2018, iliyowekwa mpaka kesi iamuliwe, imeshafika mwisho wake. Bonde hilo la katikati ndilo linalohitaji ombi jipya, na ndilo watu hawalioni mpaka wawe ndani yake.

Mtego mbaya kuliko yote hauna ujanja. Ukifika mahakamani nyumba imeshabomolewa, au umeshatolewa na mwenzako ameshaingia, jaji atakwambia kwa upole kabisa kwamba ombi lako limepitwa na wakati. Hakuna utekelezaji wa kusimamisha, umeshatekelezwa. Ndiyo maana mawakili wa kesi hizi hupiga simu za asubuhi wakiuliza, "Paa bado liko?"

Hata amri ikipatikana, ni karatasi. Kuna mtu lazima aipeleke, na kuna mtu lazima akubali kuisoma. Wakazi wa kijiji cha Mitumba, jirani na uwanja wa ndege wa Wilson jijini Nairobi, wanalijua hili kuliko mimi. Septemba 2011 walipewa siku 7 kupitia tangazo la gazetini. Walikuwa familia zaidi ya 3,000. Wakakimbilia Mahakama Kuu, na mwezi huo huo wakapata amri ya muda ya kuzuia kuondolewa. Wakarudi nyumbani wakalala. Tarehe 19 Novemba 2011 matingatinga yakaingia, amri ikiwa hai. Baada ya hapo kesi ilisafiri: mwaka 2013 Jaji Mumbi Ngugi aliwapa haki, mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ikaipindua hukumu yake, na tarehe 11 Januari 2021 Mahakama ya Juu ikawasikiliza upya, ikakubali kwamba mahakama zinaweza kutoa amri na kuendelea kuzisimamia, kisha ikalirudisha faili Mahakama Kuu ipange nafuu. Zaidi ya miaka 9. Mtoto aliyekuwa chekechea siku ya tingatinga alikuwa amekaribia sekondari.

Katikati ya safari hiyo, mwaka 2016, Bunge la Kenya liliongeza vifungu vya kuwaondoa watu kwenye Sheria ya Ardhi: notisi ya miezi 3, haki ya aliyepewa notisi kwenda mahakamani, wanaotekeleza wajitambulishe na waonyeshe idhini, utu wa watu ulindwe. Sheria nzuri. Mei 2020, mvua zikinyesha na corona imeingia, maelfu ya watu wa Kariobangi Kaskazini walibomolewa makazi yao, na taarifa za wakati ule zilisema amri ya mahakama ya kuzuia ilikuwepo.

Sasa yule mshindi niliyeahidi kumrudia. Namfahamu mama mmoja mjane aliyeachiwa nyumba ya vyumba sita na marehemu mumewe. Mpangaji wa vyumba viwili vya mbele, mwenye duka, aliacha kulipa kodi, kisha akaanza kudai kwamba alikuwa ameuziwa. Mama alishinda barazani. Alishinda pia Mahakama Kuu. Mpangaji akaenda Mahakama ya Rufani na kupata stei, na kwa miaka minne akauza sukari na sabuni kwenye nyumba ya mama huyu bila kulipa senti, wakati mama analala chumba kimoja na wajukuu watatu. Kila nilipomtembelea aliniuliza, "Mwanangu, huyu jaji anajua kwamba mimi nazeeka?" Kwa hiyo msikilizaji usinielewe vibaya. Mimi siungi mkono stei itolewe kama pipi. Dhamana ile inayotuudhi imewekwa kwa ajili ya mama kama huyu, na mahakama inayoitoa stei inadaiwa deni la kuisikiliza rufaa haraka. Hapo ndipo ninapolaumu: mahakama zetu zimezoea kulisikiliza ombi la zuio mbio mbio, kisha rufaa yenyewe inalala kama mamba kwenye jua.

Turudi uani kwa mzee.

Dalali yule, na hili nitamsifia mpaka kesho, hakuruhusu tingatinga lianze. Alisema, "Mzee, mabati yako mazuri, milango ni ya mninga. Tuvitoe kwanza, utavihitaji." Ikawa ajabu moja: vijana wa dalali na vijana wa nyumbani wakapanda juu pamoja, wakawa wanang'oa misumari na kupokezana mabati, wengine wanataniana Simba na Yanga. Mke wa mzee akapika chai ya watu wote. Saa nne na nusu upande wa vyumba vya kulala ulikuwa wazi kabisa, mabati yamepangwa ukutani, milango minne imelazwa juu ya majani.

Bodaboda ikaja inapiga honi tangu kona ya msikiti. Karani wa wakili alishuka pikipiki ikiwa haijasimama vizuri, ameishika karatasi juu kama bendera. Dalali akaisoma mara mbili. Akaangalia muhuri. Akapiga simu, akasikiliza, akasema "sawa, mheshimiwa," akageukia juu ya paa: "Shukeni. Imezuiwa." Watu wakapiga vigelegele. Mzee akamshika mkono karani asiuachie.

Jaji alikuwa ameandika kwamba hali ibaki kama ilivyo mpaka ombi lisikilizwe pande zote mbili. Jioni wakili alipokuja mwenyewe kuona, mzee alikuwa ameshaita fundi na ngazi iko ukutani, tayari kurudisha mabati. Wakili akamzuia. Akaeleza kwamba hali iliyopo saa nne na nusu, amri ilipofika, ni nyumba yenye nusu paa. Upande wa pili ulikuwa umeshapiga picha. Ukiezeka, watasema mwombaji naye ameivunja amri aliyoiomba mwenyewe, na jaji anaweza kuifuta.

Ilikuwa mwezi wa tatu, mawingu ya masika yameshakaa upande wa bahari. Mzee aliyatazama mabati yake 26 yaliyopangwa ukutani, akamtazama wakili, akauliza turubai je, turubai nalo ni kubadili hali? Wakili alifikiri kidogo, akasema turubai lifungwe kwa kamba tu, lisipigiliwe msumari hata mmoja.